Tobia Amepewa Chumba

Andiko: Nehemia 13:4-9

Wapendwa, wiki hii tunamwangalia mtu anayeitwa Tobia, Mwamoni. Katika Nehemia 4 utamkuta akiudharau ukuta wa Yerusalemu, eti hata mbweha akiupanda utabomoka. Ukuta ukamalizika kwa siku 52. Tobia akashindwa, lakini hakunyamaza. Sura ya 6 inatuambia alianza kutuma barua.

Sasa njoo sura ya 13. Nehemia alikuwa amesafiri kwenda kwa mfalme Artashasta. Anaporudi, anamkuta Tobia wapi? Ndani ya nyua za nyumba ya Mungu! Tena amepewa chumba kikubwa, pale palipowekwa ubani na zaka. Aliyempa ni Eliashibu kuhani, msimamizi wa vyumba, kwa sababu walikuwa na uhusiano. Hakuna ukuta uliovunjwa wala lango lililochomwa. Mwenye ufunguo alifungua mwenyewe.

Mpendwa, nia ya Mkristo hutekwa hivyo hivyo. Ndiyo maana Mithali 4:23 inatuagiza kuulinda moyo kuliko kitu kingine chochote.

Chukua mfano tunaoujua wote: kubeti. Ndugu aliyeokoka haamki tu siku moja akaweka karo ya mtoto kwenye ule mchezo wa ndege. Kwanza inakuja barua ya Tobia: ujumbe kwenye simu, eti bonasi ya bure. Kisha tangazo la redio ndani ya matatu. Kisha rafiki kwenye WhatsApp anaonyesha alichoshinda (alichopoteza haonyeshi). Halafu unaweka shilingi 20 tu, ya kujaribu. Baada ya muda, uko kwenye maombi lakini mawazo yako kwenye mechi. Ukiona pesa za chama kwenye simu, unaanza kupiga hesabu. Hapo Tobia ameshahamia na vyombo vyake.

Nilisoma biashara chuoni, kwa hivyo niruhusu nami nipige hesabu kidogo. Fikiria mchezo usio na sare, timu mbili zinatoshana nguvu, na kampuni inalipa mara 1.90 kwa kila upande. Wewe unaweka 100 huku, jirani yako anaweka 100 kule. Kampuni imepokea 200. Yeyote akishinda, analipwa 190. Shilingi 10 imebaki kwa kampuni, na haikuhitaji kujua nani atashinda. Inachohitaji ni wewe urudi kesho. Kwa hivyo inapolipia tangazo, inanunua chumba kichwani mwako.

Aprili 2025, bodi ya kudhibiti kamari nchini ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Tunashukuru. Lakini serikali inaweza kunyamazisha redio. Haiwezi kuingia moyoni mwako kumtoa mpangaji uliyemkaribisha wewe.

Basi Nehemia alifanya nini? Mambo matatu.

Kwanza, alitupa nje vyombo vyote vya Tobia. Hakumpa notisi ya mwezi mmoja! Usifute programu peke yake, funga na akaunti, maana akaunti ikibaki utarudi usiku wa manane. Toka kwenye lile grupu. Zuia zile jumbe.

Pili, aliamuru vyumba visafishwe. Uchafu hausafishwi gizani. Mwambie mke wako au mume wako deni ni kiasi gani, kamili, bila kupunguza. Yakobo 5:16 inatuita tuungamiane na kuombeana. Na kama umejaribu kuacha ukashindwa, muone mchungaji, muone pia mshauri nasaha. Kutafuta msaada si kukosa imani.

Tatu, na hapa ndipo wengi huanguka, alirudisha vyombo vya Mungu, sadaka na ubani. Chumba hakikuachwa kitupu. Katika Mathayo 12:43-45 Yesu anatuonya kuhusu nyumba iliyofagiwa ikabaki tupu: yule pepo alirudi na wenzake saba. Ile saa ulikuwa unaangalia mechi za kubeti, ipe kazi. Soma Wafilipi 4:8 na familia. Mtafute ndugu mmoja wa kumpigia simu Jumamosi mchana, wakati kishawishi kinapobisha.

Na wewe ambaye hujawahi kubeti, usimnyooshee mwenzako kidole. Wengine Tobia wao ni picha chafu. Wengine ni udaku, au video za kutia hofu zinazotazamwa mpaka saa nane za usiku. Jiulize leo: ni nani nimempa chumba ambacho kilikuwa cha Bwana?

Mlango bado ni wako, na ufunguo unao.

Tuombe: Baba, nipe ujasiri wa kutupa nje kila nilichokikaribisha kisicho chako. Nisafishe kwa damu ya Yesu. Roho Mtakatifu, jaza kila chumba, kusibaki nafasi ya Tobia. Katika jina la Yesu, amina.