Marianne North na Swali la Kuujua Mmea
Je, mmea hujulikana ukiwa umekaushwa juu ya karatasi, au ukiwa hai pale ulipoota? Marianne North, mchoraji Mwingereza aliyezaliwa Hastings mwaka 1830, aliujua ukiwa hai. Baba yake alipofariki mwaka 1869, alianza kuzunguka dunia, Jamaika, Brazili, Borneo, hata Shelisheli, akichora kwa rangi za mafuta ua pamoja na msitu unaolizunguka. Huko Sarawak, katika kisiwa cha Borneo, alichora mmea wenye mitungi ya kunasia wadudu, midomo yake ina mistari. Wataalamu walikuwa hawajaueleza bado; baadaye wakauita Nepenthes northiana, kwa heshima yake. Ushahidi huo ni mzito: jicho lenye subira lilitangulia sayansi. Picha zake zaidi ya 800 zimefunika kuta za jumba alilogharimia mwenyewe katika bustani ya Kew, lililofunguliwa mwaka 1882.