Mara ya Saba Mtoni
Tafakari ya wiki ya tatu ya Kwaresima
Masomo: 2 Wafalme 5:1-15; Luka 4:24-30

Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma, hakwenda Israeli mikono mitupu. Alibeba talanta kumi za fedha, shekeli elfu sita za dhahabu na mavazi kumi, akiamini kwamba uzima nao una bei. Sisi wa Geita, Kahama na Shinyanga tunamwelewa vizuri. Huku kwetu dhahabu ndiyo inayojenga nyumba, inayolipa ada na mahari, inayoamua kijana alale wapi usiku wa leo. Lakini nabii Elisha hakuitaka dhahabu ile. Alimtuma mjumbe tu, na agizo lenyewe lilikuwa jepesi: akajichovye Yordani mara saba.

Mwaka 2025 somo hili liliangukia Jumatatu ya tarehe 24 Machi, Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Ni tarehe ambayo mwaka 1882, mjini Berlin, daktari Robert Koch alitangaza kwamba amemgundua bakteria anayeleta ugonjwa huu. Bakteria wa kifua kikuu na wa ukoma ni wa jamii moja, na hapa Tanzania magonjwa haya mawili yanashughulikiwa na mpango mmoja wa taifa. Kwa hiyo tukimsoma Naamani, tumkumbuke na jirani anayekohoa.

Kabla ya dawa kupatikana, matabibu walihangaika sana na kifua kikuu. Wa kale waliagiza maziwa na mapumziko. Ibn Sina, miaka kama elfu moja iliyopita, aliandika kwamba unaweza kuambukiza. Ulaya wagonjwa walitolewa damu, wakazidi kudhoofu, na walinyweshwa mafuta ya ini la samaki. Mwaka 1854 daktari Hermann Brehmer alifungua kituo chake milimani, Görbersdorf, na vituo vya namna hiyo vikaenea nchi nyingi. Wagonjwa walilazwa barazani kwenye hewa baridi, wakalishwa vizuri, wakakaa huko miezi na hata miaka. Kwetu kituo cha namna hiyo kilikuwa Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kilichoanzishwa mwaka 1926.

Iko tiba nyingine iliyotumika sana nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Daktari alichoma sindano nene kati ya mbavu, akaingiza hewa kifuani ili pafu lenye ugonjwa lisinyae na kupumzika. Mwili uliifyonza hewa ile taratibu, kwa hiyo mgonjwa alirudi kila baada ya wiki moja au mbili kuongezewa, wengine kwa miaka kadhaa. Walioshindikana waliondolewa mbavu, kifua kikabonyea upande mmoja maisha yao yote.

Nayaandika haya kwa heshima. Bila dawa, takribani nusu ya waliokuwa na bakteria kwenye makohozi walifariki ndani ya miaka mitano, na madaktari wale waliliona hilo kwa macho yao. Hata hivyo hawakumkimbia mgonjwa. Walimpa walichokuwa nacho: kitanda, chakula, hewa safi, na mtu wa kumwangalia kila siku.

Dawa ikaja. Mwaka 1943 iligunduliwa streptomaisini. Watu walipata nafuu ya ajabu, kisha wengi wakaugua tena, kwa sababu bakteria akishambuliwa kwa dawa moja tu hujifunza kuishinda. Madaktari wakajifunza kuchanganya dawa, hasa baada ya isoniazidi kuanza kutumika mwaka 1952. Bado matibabu yalichukua mwaka na zaidi. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika utafiti uliofanyika Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia, ndipo ilipodhihirika kwamba miezi sita inaweza kutosha. Wagonjwa wa ukanda wetu ndio waliokubali kujaribiwa ili dunia nzima ipone kwa muda mfupi zaidi.

Kisha kuna daktari Karel Styblo. Alizaliwa Chekoslovakia, akafungwa na Wanazi katika kambi ya Mauthausen, na huko akapata kifua kikuu. Alipona, akayatoa maisha yake kupambana na ugonjwa uliotaka kumuua. Tanzania ilipoanzisha mpango wake wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, alifanya kazi na wataalamu wetu. Nchi haikuwa na utajiri. Walitumia zahanati zilizokuwepo, darubini, daftari la kumwandikisha kila mgonjwa, na mhudumu anayehakikisha kwamba dawa imemezwa mbele ya macho yake. Utaratibu ule ulifanikiwa, na miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likauchukua na kuueneza duniani kote. Dawa ilipopatikana, bado ilimhitaji mtu wa kukaa na mgonjwa.

Sasa tushuke duarani, kwenye mashimo ya machimbo. Kijana anayechimba Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo huvuta vumbi la mwamba kutwa nzima, na mama anayefanya kazi karibu na karasha la kusagia mawe hulivuta pia. Vumbi hilo lina silika. Silika hukwaruza mapafu na kuyaacha na makovu, na pafu lenye makovu kifua kikuu hulishinda kirahisi. Usiku vijana hulala wengi kwenye kibanda kimoja kisicho na dirisha. Mmoja wao akianza kukohoa hununua dawa ya maji dukani, na wiki mbili zikipita wenzake husema amerogwa.

Akifika zahanati na kupimwa makohozi, hupewa dawa bure. Miezi miwili ya kwanza ni mchanganyiko wa dawa nne, na miezi minne inayofuata ni mbili. Mkojo hugeuka rangi ya chungwa, naye hushtuka, kumbe ni rangi ya dawa tu. Baada ya wiki chache kikohozi hutulia, mwili hurudi, hamu ya chakula hurudi. Hapo ndipo habari hufika kwamba dhahabu imetoka kwingine. Anafungasha nguo usiku, na kadi ya kliniki inabaki chini ya godoro.

Ndugu zangu, Maandiko hayasemi kwamba Naamani alipozama mara ya kwanza doa moja lilitoka, na mara ya pili lingine. Yanasema alijichovya mara saba, ndipo mwili wake ukawa kama wa mtoto mdogo. Mgonjwa wa kifua kikuu ana jaribu kubwa kuliko la Naamani, maana nafuu humjia mapema na kumdanganya kwamba amemaliza. Akiacha njiani, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu, na akawaambukiza wenzake ugonjwa huo sugu.

Tena Naamani nusura aache kabla ya kuanza. Alikasirika, akageuza farasi wake, kwa kuwa alitarajia nabii atoke nje na kupunga mkono juu ya ukoma wake. Waliomwokoa saa ile ni watumishi wake. Walimkaribia mtu mwenye hasira, wakamsihi kwa upole afanye lile jambo jepesi. Habari ya kwanza aliletewa na binti mateka, wa mwisho kumrudisha njiani walikuwa watumishi. Mungu alimponya kwa kupitia watu wadogo waliokataa kumwacha.

Hiyo ndiyo kazi ninayoiomba kwa jumuiya zetu ndogondogo wiki hii. Kila jumuiya imjue mgonjwa wake, na mmoja wetu akubali kuwa msimamizi wake hadi mwezi wa sita wa matibabu. Akitaka kuhamia machimbo mengine, asindikizwe kwanza kliniki aandikiwe uhamisho. Tumpelekee uji, mayai, dagaa. Tusimtengee kikombe wala sahani, kwa maana ugonjwa huu huenea kwa hewa. Tufungue madirisha, na wote wanaolala naye, watoto kwanza, wapelekwe kupimwa. Anayemwombea asithubutu kumwambia atupe vidonge: mfalme Hezekia aliomba, Mungu akamsikia, na bado nabii Isaya akaagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu lake. Nanyi wenye maduara na makarasha, lowesheni vumbi kwa maji, wapeni watu barakoa, na msimfukuze kazi kijana kwa sababu amekwenda kupima.

Tuombe. Ee Mungu, uliyemponya Naamani kwa maji ya mto na kwa subira ya watumishi wake, wakumbuke waganga na wauguzi wa zamani waliotoa walichokuwa nacho, na wa leo wanaohesabu vidonge kila asubuhi. Mpe kila mgonjwa nguvu ya kufika mara ya saba. Nasi utupe moyo wa kufika pamoja naye. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.