Kumtoa Mtoto Shuleni kwa Ajili ya Safari



Kila mwaka, mwezi wa Novemba ukiisha, Wakristo wengi wakaao Dar es Salaam hufikiri habari za kwenda kwao Kilimanjaro. Noeli yakaribia, bibi na babu wangojea, na mabasi ya Moshi yajaa kuliko siku zote. Basi wengine husema, "Na tuwatoe watoto shuleni, tutangulie kabla ya msongamano." Je, yampasa mzazi kufanya hivyo? Neno hili si dogo kama lionekanavyo.

Wazazi hao husema: Mtoto ni wetu, Mungu ametupa sisi kumlea. Tena safari nayo ni mafundisho. Mtoto aliyezaliwa mjini hajui mfereji upitao migombani, wala hasikii lugha ya babu zake, ila afikapo huko. Na mzee wa miaka 80 hangoji. Maneno haya ni ya kweli, wala hatuthubutu kuyadharau. Hata Yusufu na Mariamu, kama Luka atuambiavyo, walisafiri kila mwaka kwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka. Na Yesu alipokuwa wa miaka 12, safari hiyo ya jamaa ndiyo iliyomfikisha hekaluni, akaketi kati ya waalimu akiwasikiliza na kuwauliza.

Walakini tutazame upande wa pili. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani wajenge shule, na mwaka 1530 aliandika hotuba nzima kuwahimiza wazazi wasiwatoe watoto shuleni. Alijua ya kuwa wazazi wengi hawana nafasi wala ujuzi wa kufundisha, akasema ya kuwa serikali ina haki ya kuwalazimisha. Nchi nyingi zimeifuata njia hiyo. Tanzania ina Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Na huko Uingereza, mwaka 2017, mahakama ya juu kabisa ilimshinda baba mmoja aliyempeleka binti yake Marekani kutembea wakati wa masomo pasipo ruhusa ya shule.

Wengine hudhani ya kuwa darasa la kwanza si kitu. Kumbe ndipo msingi uwekwapo! Mtoto hujifunza silabi leo, na kesho huziunga ziwe neno. Akikosa juma moja, arudi akute wenzake wanasoma sentensi, naye amebaki nyuma. Na mwalimu mwenye watoto wengi hawezi kurudi nyuma kwa ajili yake peke yake. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukipunguza pia. Siku za mwisho za muhula, mitihani ikiisha, huenda hasara ni ndogo. Lakini mtoto akicheleweshwa mlimani Januari, darasa jipya likianza, hasara ni kubwa.

Tena liko jambo lizidilo hayo. Baba ataka safari, naye aona haya kuomba ruhusa. Basi aandika barua ya kwamba mtoto ana homa. Barua hiyo aichukua mtoto mwenyewe. Arudipo, mwalimu amwuliza kwa upole, "Umepona, mwanangu?" Mtoto atazama chini. Siku ile amejifunza somo ambalo hakuna mwalimu aliyemfundisha: ya kuwa baba yake husema uongo, na ya kuwa yampasa kumsaidia. Baadaye atafundishwa amri ya nane katika mafundisho ya kipaimara. Ataipokeaje?

Basi hatusemi ya kuwa kila safari ni dhambi. Akiwa bibi yu mgonjwa, au pana msiba, mtoto na aende. Maana kumheshimu mzee nako ni amri ya Mungu. Lakini ikiwa ni furaha tu, shule hufungwa mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba. Tungoje siku hizo, hata kama basi limejaa. Na ikitubidi kuondoka mapema, tumwendee mwalimu mchana kweupe, tumwambie kweli, tuombe ruhusa, akikataa, tukubali.

Mzazi afanyaye hivyo, mtoto wake hatapungukiwa. Akikaa, atapata somo lake. Akienda, atakwenda na moyo safi, naye atamtazama mwalimu wake usoni siku ya kurudi. Bwana atujalie kuwalea hivyo.