Je, Tuandike Tulichokiona au Tulichoambiwa?

Wapo watu ambao kwa miaka mingi hufuatilia mwangaza wa nyota geugeu, yaani nyota ambazo nuru yake huongezeka na kupungua. Kazi yao yaonekana nyepesi. Mtazamaji huilinganisha nyota yake na jirani mbili ambazo mwangaza wake umekwisha kupimwa, moja iking'aa zaidi na nyingine ikiwa hafifu kuliko hiyo yake. Hukadiria, kisha huandika tarakimu moja pamoja na tarehe na saa. Lakini yampasa asiangalie kwanza aliyoyaandika jana, wala waliyoyaandika wenzake.

Kwa nini ajinyime msaada huo? Kwani wenzake ni waongo? La, ni kwa sababu jicho hulitii tarajio. Nyota iitwayo Mira, aliyoigundua David Fabricius mwaka 1596, hung'aa na kufifia kwa mzunguko wa siku 332 hivi, wala haifikii kiwango kile kile kila mara. Mtu aliyeambiwa kuwa leo yapasa kuwa imeng'aa, ataiona imeng'aa. Hatakuwa amesema uongo, na hata hivyo habari yake itakuwa haina thamani.

Swali lenyewe ni zito zaidi pale anayetuambia ni mwalimu wetu. Edmond Halley alikuwa ametabiri kwamba kometi ya mwaka 1682, nyota yenye mkia, ingerudi karibu na mwisho wa mwaka 1758. Mjini Paris, mwanafalaki Delisle alichora ramani ya njia ambayo alidhani ingepita, akampa msaidizi wake, Charles Messier, aitafute. Messier alitii. Usiku baada ya usiku aliitafuta pale alipooneshwa, na ramani ilikuwa na kosa. Tarehe 25 Desemba 1758 kometi ilionwa na Palitzsch, mkulima aliyeishi karibu na Dresden. Messier, asiyekuwa na habari hiyo, aliiona tarehe 21 Januari 1759. Hapo Delisle akamkataza kutangaza, na habari ikafichwa hadi Aprili.

Utiifu huu ulikuwa wa namna mbili, nasi hatuwezi kuupima kwa kipimo kimoja. Kutafuta mahali ulipoelekezwa si dhambi. Mwanafunzi aanzie wapi kama si kwa mwalimu? Lakini kunyamazia kitu ulichokwisha kukiona kwa macho yako ni jambo jingine. Aghalabu husemwa kuwa Messier alikuwa akila mkate wa Delisle, na hilo ni kweli. Ndiyo maana lawama yetu twaielekeza kwa mwenye ramani.

Na hapa yatupasa tujitazame. Mwanafunzi wa Lubumbashi aandikapo lupango, akikusudia kiwanja cha nyumba pamoja na ua wake, wangapi miongoni mwetu hawaichukui kalamu nyekundu kwa kuwa neno hawakulikuta katika kamusi yao? Hatusemi kwamba kila neno la mtaani liingie katika mtihani. Sanifu ni sanifu. Twasema tu kuwa kumwambia mtoto "neno hilo halipo", hali analisikia kila siku nyumbani kwao, ni kumtaka ayakane masikio yake. Wengine wetu tumefanya hivyo, tena kwa ukali.

Albert Jones wa New Zealand, aliyefariki mwaka 2013, aliandika makadirio zaidi ya laki tano ya nyota geugeu. Nyota yake ilipofifia hata isionekane katika darubini, watazamaji wa namna yake hawaachi nafasi tupu: huandika kuwa ni hafifu kuliko nyota ya mwisho waliyoweza kuiona. Mwaka 1946, alipokuwa akiielekea nyota moja kama ilivyokuwa desturi yake, alikuta kometi isiyokuwamo katika ramani yoyote, akaipeleka habari. Mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 80, akawa mmoja wa wawili walioigundua nyingine.