Nyota Aliyodhani Imekwisha

Agosti 1596, huko Ostfriesland, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, mchungaji wa Kilutheri aitwaye David Fabricius alikuwa akipima mahali ilipo sayari moja angani. Akahitaji nyota ya kulinganishia, akachukua mojawapo katika kundi la nyota liitwalo Nyangumi. Siku zilivyokwenda nyota ile ikazidi kung'aa, kisha ikafifia, na kufikia Oktoba haikuonekana tena. Akaihesabu kuwa imekwisha. Mwaka 1609 akaiona tena, mahali palepale.

Ilibidi kungoja hadi 1638, Mholanzi Johannes Holwarda alipoifuatilia na kutambua kwamba hung'aa na kufifia kila baada ya miezi 11 hivi. Leo inaitwa Mira, na mzunguko wake ni siku 332 kwa wastani.

Mira ni nyota mbili zinazoishi pamoja. Kubwa ni jitu jekundu lililozeeka, linalotanuka na kusinyaa kama kifua cha mtu anayepumua, huku likipeperusha gesi yake. Ndogo ni kibete cheupe, masalia ya nyota iliyomaliza fueli yake, nacho huvuta sehemu ya gesi hiyo. Mwanga wa kibete hutetemeka ndani ya dakika chache; jitu hupanda na kushuka kwa miezi 11; na zote mbili huzungukana kwa mamia ya miaka. Mwenye kuitazama kwa kipindi kimoja tu hawezi kuielewa.

Linalonigusa zaidi ni hili. Jitu linapopoa, molekuli za oksidi ya titani huongezeka katika tabaka zake za juu na kuzuia mwanga unaoonekana, hata ukapungua zaidi ya mara mia. Lakini joto lake huendelea kutoka kwa wingi, katika miale ambayo jicho haliipokei. Wakati wote ambao Fabricius hakuiona, nyota ile ilikuwa ikiwaka.

Nasi usharikani tunao waliofifia. Yuko dada aliyekuwa nguzo ya kwaya, sasa hata ibada ya Jumapili haji. Yuko baba aliyenyamaza tangu alipomzika mwanawe. Tunakuwa wepesi kusema, "Huyo amekwisha rudi nyuma," na katika vikao tunaanza kuulizana kama jina lake libaki kwenye daftari. Mimi nasema libaki. Zaburi ya 147 inamtaja Mungu anayewaponya waliovunjika moyo, na papo hapo inasema kwamba nyota zote anaziita kwa majina. Kwake hakuna anayesahaulika kwa sababu sisi tumeacha kumwona.

Basi wiki hii, kabla ya Jumapili, nenda ukapige hodi kwa mmoja wao. Usimhoji kwa nini haji kanisani. Keti naye, msikilize, na kabla ya kuaga umwombe msali pamoja.