Vita Vikiisha, Nani Amebaki Vitani?

Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, wakulima waliokuwa mgambo waliweka majembe chini wakashika bunduki. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Taifa lilishangilia, na lilistahili kushangilia. Wengi waliorudi walilima na kulea watoto wao kwa amani. Lakini si wote.

Tuseme mmoja wao ni mzee wa Muyama, katika vilima vya Buha. Usiku hushtuka akipiga kelele. Hunywa pombe ili apate usingizi. Mara nyingine hujiumiza kwa makusudi, naye akiulizwa husema ameanguka. Siku moja anajaribu kujiua, majirani wanamwokoa. Je, tumhukumu vipi?

Sheria imekwisha jibu: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu chasema jaribio hilo ni kosa, na hofu ya kushtakiwa humfanya mtu afiche maradhi yake. Kijijini wengine watasema ni laana, wengine ni woga. Neno hili la woga ndilo linalonishangaza, maana anayetuhumiwa aliikabili mizinga hali sisi tumekaa nyumbani. Hakujituma vitani, tulimtuma. Ushindi tuliugawana sote, bali maiti alizoziona tumemwachia azitazame peke yake. Waliouawa vitani wana makaburi yao ya heshima Kaboya, nao hukumbukwa kila tarehe 25 Julai. Anayejiua miaka mingi baadaye, kwa jeraha la vita vile vile, aghalabu huzikwa kwa aibu.

Deni hili hulipwaje? Salamu za Waha ni ndefu: makofi hupigwa taratibu, huulizwa habari za watoto, za ng'ombe na za shamba. Habari za vita haziulizwi. Wengi huogopa kwamba kumwuliza mtu kama anafikiria kujiua ni kumtia wazo hilo kichwani. Madaktari wa magonjwa ya akili wameona kuwa sivyo. Swali lenyewe huweza kumpunguzia mzigo. Basi na aulizwe waziwazi, na nduguye au askari mwenzake. Usiku ule asiachwe peke yake. Silaha na dawa za kuulia wadudu ziwekwe mbali naye. Kukicha asindikizwe hospitali na mtu anayemwamini. Na akianza kusimulia, hata ikiwa ni habari ile ile ya jana, wanawe wasimkatize.