Dinari ya Saa Kumi na Moja

Mimi nilisomea biashara, na huko malipo hufuata kazi. Ndiyo maana Mathayo 20 hunisumbua. Vibarua walioingia shambani alfajiri wanapewa dinari moja. Walioingia saa kumi na moja jioni, jua likikaribia kutua, nao dinari moja. Hesabu gani hiyo?

Lakini hebu tuangalie vizuri. Wa alfajiri hawakupunjwa: walipatana dinari, wakapata dinari. Na dinari ilikuwa riziki ya siku. Yule wa jioni angelipwa ya saa moja tu, watoto wangekula nini?

Tena, mwenye shamba angeweza kuwalipa wa alfajiri kwanza, waende zao bila kujua lolote. Badala yake aliagiza wa mwisho waanze, wenzao wakiona. Mungu mwenye enzi haombi ruhusa yetu ili arehemu, wala hafichi.

Basi wewe uliyeokoka miaka 20 iliyopita, yule wa juzi akibarikiwa mbele yako, usinung'unike. Hakuna kilichotoka mfukoni mwako. Na tukisema ukweli, kwa habari ya neema, nani kati yetu aliingia alfajiri?